Oili ya Tu-stroki na Tundu la Moshi

Katika injini ya mipigo miwili oili hupita mara moja tu. Huingia pamoja na petroli, hulowesha beringi za krenki, hupanda kwenye kuta za silinda, huungua, kisha hutokea kwenye bomba la moshi. Injini haina sampu ya kuikusanyia wala chujio la kuisafishia, na hakuna siku ya kuimwaga na kuweka nyingine. Ndiyo maana oili ya tu-stroki, kama mafundi wanavyoziita injini hizi, hupimwa kwa mambo mawili: jinsi inavyolainisha ikiwa bado mbichi, na kile inachoacha ikishaungua. Arua na Koboko, kule West Nile ya Uganda, swali la kwanza huulizwa na kila mtu. La pili huulizwa na wachache, na ndilo linalomaliza mashine nyingi.

Barabarani tu-stroki zimepungua. Bodaboda zinazopita Awindiri kwenda katikati ya mji karibu zote sasa ni za mipigo minne: Bajaj Boxer, pamoja na Senke zilizoingia kwa wingi kutoka upande wa Kongo. Nje ya barabara, injini hizi bado zinalisha watu. Chensoo hukata mikaratusi na kupasua mbao. Mitumbwi ya Naili ya Alberti, kule Rhino Camp na Obongi, huendeshwa na mashine za Yamaha. Jenereta ndogo za Tiger, kama ile TG950 yenye silinda ya sisi 63, ziliwasha saluni na vibanda vya simu katika miaka yote ambayo West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, pale kampuni ya WENRECo ilipotegemea jenereta kubwa ya Arua na, kuanzia mwaka 2012, bwawa la Nyagak la megawati 3.5. Zipo pia pikipiki za Yamaha AG100 na DT za misheni, zahanati na maofisa ugani, ambazo zikistaafu ofisini huuzwa na kuanza maisha ya pili vijijini.

Njia ya mchanganyiko ndani ya injini ndiyo inayoeleza mengine yote. Pistoni ikipanda, huvuta hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi chumba cha krenki kilicho chini yake. Ikishuka, huusukuma mchanganyiko huo upite kwenye matundu ya pembeni hadi juu ya pistoni. Lakini kabla ya matundu hayo kufunguka, tundu la moshi huwa limeshafunguka, na mchanganyiko mpya ndio unaoufukuza moshi wa zamani. Juu ya silinda hakuna valvu. Pistoni yenyewe ndiyo mlango. Moto huwaka katika kila mzunguko wa krenki, ilhali kwenye mipigo minne huwaka kila mizunguko miwili, na hapo ndipo injini ndogo na nyepesi inapopata nguvu kubwa. Gharama yake ni kwamba chumba cha krenki ni njia ya hewa, na hakiwezi kujazwa oili. Kila tone la kulainisha beringi lazima lisafiri na petroli.

Oili ya kazi hii ina madaraja yake, nayo huandikwa kwenye kopo. Utaratibu wa Japani unaoitwa JASO una herufi FA, FB, FC na FD. Hupima ulainishaji, usafi wa pistoni, wingi wa moshi, na jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji: kasi ambayo oili huziba tundu la moshi. FB hulainisha vizuri lakini huruhusiwa kutoa moshi mwingi na kuziba zaidi. FC ina moshi mdogo na haizibi upesi. FD huongeza usafi wa pistoni kwenye joto kali. Madaraja ya kimataifa ya ISO, yaani EGB, EGC na EGD, yanakaribiana na hayo. Kopo lenye herufi TC za taasisi ya Marekani, API, lina oili ya injini zinazopozwa kwa hewa. Lenye TC-W3 ni la mashine za mtumbwi.

Tofauti hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa Rhino Camp na Obongi, ambako mashine ya mtumbwi na chensoo huweza kukaa katika nyumba moja. Mashine ya mtumbwi hupozwa kwa maji ya mto. Silinda yake haipati joto la kupindukia, na oili yake husafisha bila dawa zenye madini, kwa sababu madini yakiungua huacha majivu yanayogandamana kichwani mwa pistoni na kwenye plagi. Chensoo hupozwa kwa hewa peke yake na huzunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika. Kwenye joto hilo dawa za TC-W3 hushindwa, na ringi hugandia ndani ya mifereji yake. Ringi iliyoganda haizibi tena: moto hupenya kando yake, huikausha oili ukutani, na pistoni hunasa. Mwenye mashine huambiwa kuwa hakuweka oili, naye ana hakika aliweka. Wote wawili wana hoja, kwa kuwa oili iliyowekwa haikuwa ya mashine ile.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya petroli na oili ya mipigo minne. Kwa sababu ya wingi wa Boxer, SAE 40 au 20W-50 hupatikana katika kila duka la vipuri, hata kwa kupimiwa kidogo kidogo, wakati kopo la oili ya tu-stroki hutafutwa. Oili ya mipigo minne imeundwa ikae ndani ya sampu kwa miezi bila kuungua. Imejaa dawa za kalisi na zinki ambazo zikichomwa huacha majivu magumu, na hukawia kuyeyuka katika petroli, hivyo huzama chini ya tangi. Jenereta itawaka, na itawaka kesho yake pia. Huo ndio udanganyifu wake. Madhara huja baada ya wiki nyingi: plagi inayofunga kila mara, nguvu inayopungua, na tundu la moshi lililobaki nusu. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari ni mbaya kupita hiyo, maana imebeba unga wa chuma unaopelekwa moja kwa moja kwenye beringi.

Kiasi nacho kina hesabu yake. Moja kwa hamsini maana yake ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Moja kwa ishirini na tano ni mililita 40. Jerikeni ya lita 5 huhitaji mililita 100 au 200, kulingana na mashine. Mwongozo wa Stihl, kwa mfano, unataka moja kwa hamsini ikiwa oili ni ya Stihl yenyewe, na moja kwa ishirini na tano ikiwa ni oili nyingine ya daraja la TC. Mashine mpya, hasa ya mtumbwi, huanzishwa kwa oili nyingi zaidi mpaka ringi zikae. Kipimo kilichozoeleka cha vizibo vya chupa ya maji hakifai, kwa kuwa kizibo kimoja hakilingani na kingine, na mkono wa asubuhi si mkono wa jioni. Sirinji ya duka la dawa yenye alama za mililita ni rahisi na haikosei.

Wengi huamini kwamba oili ikizidi hakuna hasara isipokuwa moshi. Imani hiyo ina sababu, lakini si sahihi. Jeti ya kabureta hupitisha kiasi kilekile cha majimaji. Sehemu kubwa ya majimaji hayo ikiwa oili, petroli inayoingia hupungua, mchanganyiko huwa mkavu kuhusiana na hewa, na joto la silinda hupanda. Mtu anayeongeza oili ili kuilinda mashine anaweza kuwa anaichoma, na wakati huohuo anaijaza masizi.

Kuchanganya hufanyika ndani ya jerikeni, si ndani ya tangi la mashine. Hutangulizwa nusu ya petroli, oili humiminwa, jerikeni hutikiswa vizuri, kisha petroli iliyobaki hujaziwa na kutikiswa tena. Oili nyingi za tu-stroki zimetiwa rangi ya bluu, kijani au nyekundu. Rangi hiyo ina kazi: jerikeni isiyo na rangi haijatiwa oili, na petroli tupu huimaliza chensoo kwa dakika chache.

Petroli yenyewe ina historia yake Arua. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mafuta ya mji iliuzwa kwa jerikeni na vijana waliojulikana kama Opec Boys. Wengi wao walitoka katika familia zilizokimbilia Kongo na Sudan baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, kisha zikarejea. Petroli iliyopita Uganda kwenda Kongo bila kulipiwa kodi ya Uganda ilirudishwa kwa njia za panya na kuuzwa kwa bei nafuu kuliko ya kituo. Biashara hiyo iliendesha mji na kuwapa kazi vijana ambao hawakuwa na nyingine. Haistahili kutajwa kwa dharau. Lakini mafuta yanayopita mikono mingi, yawe ya jerikeni au ya pampu, huweza kuongezwa mafuta ya taa njiani, na tu-stroki haivumilii mafuta ya taa. Hushusha okteni, injini ikaanza kugonga chini ya mzigo, na huungua nusunusu na kuacha masizi. Upimaji wake ni mwepesi: matone machache huwekwa kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto, kabla oili haijatiwa. Petroli safi hukauka upesi na karatasi hubaki kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa huacha duara lenye mng'ao wa mafuta.

Yamaha AG100 huepuka kazi ya kuchanganya kwa kuwa na tangi la oili la pembeni. Mfumo huo, Autolube, ulianza kuwekwa kwenye pikipiki za Yamaha mwaka 1964. Pampu ndogo imeunganishwa na kebo ya ekselereta, hivyo oili huongezeka kadiri mwendeshaji anavyokaza mafuta. Mafundi wengi huing'oa pampu hiyo kwa hofu kwamba siku moja itakwama, wakaanza kuchanganya tangini. Ni uamuzi wa kusikitisha. Pampu hii haina matatizo mengi. Kinachoiponza ni tangi la oili kuachwa likauke na hewa kuingia kwenye mrija, na dawa yake ni kuitoa hewa hiyo kwa skrubu iliyopo kwenye pampu na kulinganisha alama za kebo. Pikipiki iliyong'olewa pampu huwa hatarini zaidi kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Nebbi kuelekea Pakwach: ekselereta imefungwa, petroli haiingii, kwa hiyo oili haiingii, na injini inaendelea kuzungushwa na gurudumu.

Baada ya oili kuungua, kinachobaki huelekea kwenye tundu la moshi. Hapo joto ni kali, na oili ambayo haikuungua hukutana na chuma cha moto na kugeuka masizi. Kwanza huwa laini na yenye unyevu, kisha hukauka, kisha huwa magumu kiasi cha kung'oka kwa vipande. Kimo cha Arua huongeza tatizo hili. Mji uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Kabureta iliyopangwa kiwandani kwa nchi za chini hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na ziada hiyo huishia kuwa masizi. Rangi ya plagi husema mengi: kichwa chake kikiwa cha kahawia kama chai ya maziwa, mchanganyiko uko sawa; kikiwa cheusi chenye unyevu, petroli au oili imezidi; kikiwa cheupe, mashine inaungua, na izimwe.

Tundu lililoziba nusu hufanya injini ipumue vibaya. Moshi wa zamani hubaki ndani, mchanganyiko mpya hupungua, na nguvu hushuka polepole mno hata mwenye mashine asitambue. Jenereta iliyokuwa ikibeba friji ndogo sasa hubeba taa na redio tu. Kwa kawaida kabureta ndiyo hulaumiwa, ikafunguliwa mara tatu bure.

Kusafisha hakuhitaji karakana. Bomba la moshi hufunguliwa, na krenki huzungushwa kwa mkono mpaka pistoni izibe tundu lote. Masizi hukwanguliwa kwa kijiti cha mti mgumu au kwa shaba, kamwe si kwa bisibisi ya chuma, maana mkwaruzo mmoja kwenye pistoni au kwenye ukingo wa tundu utakata ringi siku zote zijazo. Mashine huinamishwa ili vumbi lianguke nje. Pistoni ikishuka, ringi huonekana kupitia tundu; zikisukumwa kidogo kwa kijiti zinapaswa kurudi zenyewe, na isiyorudi imeganda. Kwenye AG100 bomba la ndani la sailensa huchomolewa kwa nyuma baada ya kufungua bolti, huchomwa kwenye jiko mpaka masizi yawe majivu, kisha hugongwa. Chensoo ina wavu mdogo wa kuzuia cheche mdomoni mwa sailensa, ambao ndio huziba kwanza. Wengi huutupa. Katika kiangazi cha Desemba hadi Machi, nyasi zikiwa kavu kote kuanzia Koboko hadi Yumbe, wavu huo upigwe brashi na kurudishwa mahali pake.

Kuna injini ambazo tundu lake la moshi lina kifaa kinachosogea ndani yake, na huko masizi huleta matatizo ya aina nyingine. Kifaa hicho ni pawa valvu. Injini inapozunguka polepole hufaa tundu lifunguke kwa kuchelewa, ili moto uisukume pistoni kwa muda mrefu na mchanganyiko mpya usikimbilie nje. Inapozunguka kwa kasi hufaa lifunguke mapema, ili moshi upate muda wa kutoka. Tundu la kawaida lina kimo kimoja na huridhisha upande mmoja tu. Pawa valvu huteremsha na kuinua dari ya tundu, na injini ikapata vyote viwili. Yamaha iliitumia kwenye pikipiki za mashindano mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa jina la YPVS, na mwaka 1983 ikaiweka kwenye RD350 za barabarani. AG100 haina. DT125R inayo, kwa hiyo ni vyema kuangalia kwanza pikipiki ni DT ya aina gani.

Kifaa hiki kilienea pia katika nchi za theluji. Magari ya theluji ya Kanada, hasa Ski-Doo ya Bombardier iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, kwa miongo mingi yameendeshwa na tu-stroki za kiwanda cha Rotax cha Austria, na Rotax ina pawa valvu yake iitwayo RAVE. Kwenye YPVS, pipa dogo huzungushwa na mota ya umeme kwa kebo mbili. Kwenye RAVE za mwanzo, bamba bapa huinuliwa na presha ya moshi wenyewe, inayojaza kifuko cha mpira dhidi ya springi. Baadaye kompyuta ya injini ilipewa kazi ya kuiamuru presha hiyo. Kule oili huchaguliwa kwa sharti ambalo West Nile haina: lazima itiririke kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kulipia oili ya sintetiki kwa sababu ya sifa hiyo ni kupoteza fedha Arua. Kuilipia kwa usafi wake ni jambo jingine, hasa kwenye injini yenye pawa valvu, kwa kuwa bamba au pipa hilo hukaa katikati ya moshi na nafasi yake ya kusogea ni finyu. FC ndiyo ngazi ya chini ya kukubali hapo; FD ni bora.

Valvu iliyoganda hujitangaza. Ikigandia chini, pikipiki huondoka vizuri kisha hugoma kupanda kasi. Ikigandia juu, huwa dhaifu mwanzoni, halafu hushtuka mbele kwa ghafla. Kwenye YPVS huanzwa na kebo: zikilegea au kukaza mno, pipa halifiki mahali pake hata likiwa safi. Kisha valvu hutolewa, hulowekwa kwenye mafuta ya taa au dawa ya kusafishia kabureta, na kusuguliwa kwa brashi ya shaba. Dawa kali za kusafishia majiko hazifai, maana hula alumini. Sili na gasketi hukaguliwa, na kwenye RAVE kifuko cha mpira huangaliwa kama kimepasuka. Kurudisha ndiko kwenye hatari: alama za pipa na za puli lazima zilingane, na bamba la RAVE likiwekwa juu chini hugusa pistoni. Kabla ya kuwasha, krenki huzungushwa kwa mkono mizunguko kadhaa, huku mtu akisikiliza na kuhisi kama kuna kinachogusa.

Mashine inayowekwa kwa muda mrefu, kama chensoo msimu wa mvua au jenereta inayosubiri umeme ukatike, haiachwi na mchanganyiko ndani. Stihl hutaka mchanganyiko utumike ndani ya siku 30, kwa kuwa petroli hupoteza sehemu zake nyepesi na oili hubaki ikinata ndani ya kabureta. Tangi humwagwa, injini huwashwa mpaka izime yenyewe, plagi hufunguliwa, kijiko kidogo cha oili ya tu-stroki hutiwa kwenye silinda, na kamba huvutwa polepole mara mbili tatu ili oili isambae kabla ya plagi kurudishwa.